Likizo yetu Marangu, na hesabu ya shangazi

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, hugeuka kuwa kama stendi ya Moshi. Tiketi za kwenda Kilimanjaro hugombewa, nauli hulalamikiwa, na kwenye buti za mabasi hupakiwa magodoro, masufuria, mifuko ya mchele na makreti ya soda. Wachagga wanarudi nyumbani.

Makabila mengine hulifanyia utani jambo hili mwaka mzima. Lakini kwa mfanyabiashara wa Himo, Mwika au Marangu si utani hata kidogo. Muuza mbuzi, muuza vinywaji, kinyozi, dereva wa bodaboda na mama anayeuza ndizi sokoni, wote huisubiri wiki hiyo kama mkulima anavyosubiri masika.

Desemba 2024 nami nilikuwa miongoni mwa hao wasafiri. Mara ya mwisho kukaa Marangu zaidi ya siku mbili ilikuwa Desemba 1993, nikiwa na umri wa miaka 12. Baada ya babu kufariki, safari zetu zikawa za misiba tu. Unafika leo, mnazika kesho, keshokutwa uko ndani ya basi. Safari hii, baada ya miaka 31, niliamua kuwapeleka mke wangu na watoto wakaone mahali nilipofurahia kuliko popote pale utotoni.

Nilikwenda kutalii. Nilirudi na hesabu ambayo nadhani inamhusu kila msomaji wa kurasa hizi mwenye shamba kijijini na ndugu anayelitunza.

Tulivyoiacha

Miaka ile baba alikuwa mtumishi Dar es Salaam. Shule zikifungwa tulipanda treni hadi Moshi, safari ya usiku kucha, na alfajiri tulikimbilia dirishani kugombania nani atauona mlima kwanza. (Treni hiyo ya abiria ilikuja kusimama katika miaka ya 1990, ikarejea Desemba 2019.) Kutoka Moshi tulipanda gari hadi Himo, kisha likaanza kupanda mlima kuelekea Marangu. Hewa ilibadilika ghafla. Joto la tambarare lilibaki nyuma, na kila upande wa barabara ukawa migomba na mibuni.

Kihamba cha babu kilikuwa ekari moja na nusu hivi, kama vihamba vingi vya mlimani. Juu kulikuwa na miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga. Mpaka uliwekwa kwa masale. Mfongo, yaani ule mfereji wa asili, ulipita pembeni ukinong'ona usiku kucha. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mwaka 2011 mfumo huu wa kihamba, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Sisi watoto tuliuona kama uwanja wa kuchezea.

Asubuhi tulikunywa uji na maziwa. Mchana tulikula mtori au kiburu. Siku ya Krismasi alichinjwa mbuzi, wazee wakazunguka mbege chini ya mti, na siku iliyofuata tuliteremka wote kwenda maporomoko ya Kinukamori, mwendo mfupi kutoka Marangu Mtoni, tukiwa na ndizi za kuchoma na chupa za chai. Hapo ndipo palikuwa kilele cha likizo yetu.

Shangazi yangu, aliyekuwa binti mdogo wakati huo, hatukumbuki kumwona akienda nasi Kinukamori hata mara moja. Hatukuwahi kujiuliza kwa nini.

Kinukamori ya leo

Maji bado yanaanguka. Mwanangu wa miaka tisa alisimama na mdomo wazi kama nilivyosimama mimi. Zamani tuliingia tukitokea mashambani, leo kuna geti, kiingilio, njia yenye ngazi na vijana wanaotembeza wageni. Pia kuna sanamu ya Makinuka, yule msichana wa hadithi ambaye bibi alitusimulia kuwa alikuja kujitupa, akabadili nia alipomwona chui, lakini akateleza.

Baadhi ya ndugu niliokuwa nao walinung'unika kulipia mahali walipoogelea bure. Mimi nilivutiwa na jambo jingine. Nilihesabu watu waliokuwa wakijipatia riziki kati ya barabara na maporomoko: waongoza wageni, wauza vinyago na vitambaa, mama mwenye kibanda cha chakula, madereva wa bodaboda. Mwaka 1993 hapakuwa na hata mmoja.

Hali ni hiyo Marangu nzima. Mji huu ni lango la njia ya zamani zaidi ya kupanda mlima, yenye vibanda vya kulala Mandara, Horombo na Kibo. Zamani mgeni alifika, akapanda, akaondoka. Siku hizi wapo wanaokuja kwa siku moja bila kupanda. Wanatazama maporomoko, mapango waliyojifichia Wachagga wakati wa vita, wahunzi wa Mamba, kisha wanapelekwa kihambani kuchuma, kukoboa, kukaanga na kunywa kahawa. Upande wa Uru, kijiji cha Materuni kimejulikana kwa safari za namna hiyohiyo.

Kijana mmoja jirani yetu, mwenye mibuni isiyozidi 30, anapokea wageni wa kahawa mara kadhaa kwa wiki msimu wa utalii unapochanganya. Aliniambia kwa kucheka: "Kaka, kilo moja ya kahawa nikiiuza mbichi nanunua sabuni. Nikimkaangia mgeni nusu kilo hapa kwenye chungu, nalipa ada."

Kwa nini mibuni ilipungua

Niliporudi nyumbani niliitafuta mibuni ya babu. Ilikuwa zaidi ya 400. Shangazi alinionyesha iliyobaki, kama 60, mirefu, yenye ndevu za kuvu kwenye mashina.

Kahawa ilifika kwenye miteremko hii mwishoni mwa karne ya 19, ikiletwa na wamisionari. Wakulima wenyewe waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya kwanza vya Waafrika. Fedha ya kahawa ndiyo iliyoezeka mabati, ikajenga shule, ikasomesha kizazi cha baba yangu na kumpeleka mjini. Kwa maneno mengine, kahawa ndiyo iliyotufanya tuwe watu wa kuja likizo.

Kisha bei ikaporomoka. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana mauzo ya kahawa yalivunjika na soko likajaa. Biashara ya kahawa nchini ililegezwa katikati ya miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini, lakini dawa na mbolea zikapanda. Mwaka 2001 kahawa ya arabika ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili kwenye soko la New York. Mkulima aliyepaswa kupulizia dawa ya chulebuni na kutu ya majani mara kadhaa kwa msimu alijikuta anatumia kuliko anachopata. Wengi waliiacha mibuni, wengine waliing'oa kimyakimya na kupanda migomba, nyanya au mahindi.

"Baba yako alikuwa anasema tusiing'oe," shangazi aliniambia. "Lakini baba yako alikuwa Dar. Dawa ninunue mimi."

Ajabu ni kwamba tulikuwa tunazungumza hayo Desemba 2024, mwezi ambao bei ya arabika New York ilipanda kufikia kiwango kisichoonekana tangu 1977. Februari 2025 ilivuka dola nne kwa ratili. Mwenye mibuni 400 iliyotunzwa alikuwa anacheka. Shangazi alikuwa na kilo 21 tu za kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa, akisubiri malipo ya chama cha msingi.

Daftari la shangazi

Sasa nije kwenye kiini cha makala haya. Jioni ya tarehe 26, watoto wakiwa wamelala, nilimkuta shangazi jikoni akiandika kwenye daftari la shule kwa mwanga wa tochi ya simu.

"Shikamoo tena, shangazi. Unaandika nini usiku huu?"

"Marahaba, mwanangu. Naandika mlichokula."

Nilidhani ni utani. Hakuwa anatania, wala hakuwa na hasira. Alisema ameanza kuandika tangu mwaka juzi, baada ya semina ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, ambako walifundishwa kutenganisha hesabu ya shamba na ya nyumba. Nikaomba kuona. Tulikuwa watu 19 kwa siku tisa. Daftari lilisema hivi:

Mikungu 11 ya ndizi, ambayo sokoni wiki ile ingeuzwa Sh12,000 kila mmoja: Sh132,000.

Maziwa, lita saba kwa siku kwa siku tisa, Sh1,200 kwa lita: Sh75,600.

Kuku sita wa kienyeji, Sh20,000 kila mmoja: Sh120,000.

Mbuzi mmoja aliyemlea mwenyewe: Sh180,000.

Jumla ilikuwa Sh507,600, bila kuhesabu kuni, maharage, mboga wala kazi yake mwenyewe ya kuamka saa kumi alfajiri. Upande wa pili wa ukurasa aliandika tulichokuja nacho: sukari, mchele, mafuta ya kula, kanga mbili na noti alizopewa mkononi. Haikufika nusu.

Kilichonichoma zaidi ni mstari wa chini. Aliandika kwamba mauzo ya ndizi ya Krismasi ndiyo yaliyokuwa yalipie pumba na dawa za ng'ombe hadi Machi. Wiki ambayo sisi wa mjini tunadhani tunampelekea neema, ndiyo wiki inayokula mtaji wake, tena wakati bei iko juu kuliko mwaka mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kwenda Kinukamori. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

Majani yamekuwa mbali

Na majani nayo yana hadithi yake. Zamani wanawake wa vijiji vya juu waliingia kwenye ukanda wa nusu maili, eneo la msitu lililotengwa tangu 1941 kwa matumizi ya wananchi, kuokota kuni na kukata majani. Mwaka 2005 hifadhi ya taifa ilipanuliwa na kuuchukua msitu, ukanda huo ukiwamo, na masharti yakawa makali. Mfugaji wa ng'ombe mmoja au wawili wa ndani sasa hutegemea majani ya tembo aliyopanda mpakani, migomba iliyokatwakatwa, na mabua ya mahindi yanayonunuliwa tambarare na kupandishwa kwa gari.

Shangazi hapingi msitu kulindwa. Anasema mfongo wetu, uliokuwa ukipita maji mwaka mzima, sasa hukauka miezi ya kiangazi, na wazee wa mfongo wamebaki wachache wa kuita watu kwenye kazi ya kuusafisha. Watafiti waliofanya kazi miaka mingi kwenye mlima huu wanaeleza kwamba maji mengi ya vijito vyetu hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si barafu ya kileleni. Kwa hiyo moto kama ule wa Oktoba 2020, uliounguza eneo kubwa juu ya msitu, unapaswa kumhangaisha hata mkulima wa mpunga wa tambarare na mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu.

Barafu yenyewe nilimwonyesha mwanangu asubuhi ya tarehe 27, mawingu yalipofunguka. Ilikuwa vipande vipande. Katika kumbukumbu yangu Kibo kilivaa kofia nzima. Vipimo vinaonyesha kati ya 1912 na 2011 asilimia 85 ya barafu hiyo ilitoweka. Mwaka 2002 wanasayansi walikadiria ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Haikuisha, lakini taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 inaonya kuwa barafu za Afrika huenda zisiwepo ifikapo 2050. Anayeuza safari za mlima kwa picha ya theluji aanze kufikiria atauza nini baadaye.

Kikao cha familia

Tarehe 28 kulikuwa na kikao. Ajenda ilikuwa mnunuzi. Mtu mwenye fedha anakitaka kihamba chetu kwa kuwa kiko karibu na barabara ya lami, ajenge nyumba ya wageni. Fedha aliyotaja ilitosha kuwanyamazisha wajomba wawili na binamu zangu wengi.

Kwa mila yetu, nyumba ya wazazi huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Huyo ni baba mdogo, ambaye yuko Mwanza kwa miaka 20. Shangazi alirudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, akamuuguza babu, akamuuguza bibi, akawazika, akabaki. Kimila hana alama hata moja kwenye ardhi ile. Hakusema kitu kikaoni hadi alipoulizwa. Akatoa daftari.

Binamu yangu mmoja, ambaye ni mwanasheria, aliwakumbusha wazee kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haitambuliki. Pia alieleza kuwa kijiji kinaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina ya watu wawili au zaidi. Mzee mmoja alisema sheria ni ya Dodoma, mila ni ya hapa. Mwingine akamjibu kuwa wanaokula ndizi za hapa nao wanaishi Dodoma.

Baada ya saa nne tulikubaliana hivi. Kihamba hakiuzwi kwa sasa. Hati itaombwa kwa majina ya shangazi na baba mdogo kwa pamoja. Kila familia itakayokuja Krismasi italipia chakula chake kwa bei ya soko. Mwaka huu mchango wa pamoja ununue miche 200 ya mibuni chotara na kukarabati banda la ng'ombe. Vyumba viwili vya nyumba ya babu, vinavyofungwa miezi 11, visafishwe na kupangishwa kwa wageni, na mapato yake yawe ya shangazi.

Baba mdogo alikubali kwa simu. Kaka yake mkubwa, ambaye naye lazima asaini muhtasari, alisema atafikiria. Hadi ninaandika hajasaini, na mnunuzi bado anapiga simu.

Kwa mkulima na mfanyabiashara

Mpenzi msomaji, familia yetu si ya pekee. Katika siku hizo tisa nilijifunza mambo yafuatayo, na huenda yakakufaa.

Kwanza, andika. Bila daftari lile, kikao kingeamuliwa na mwenye sauti kubwa. Daftari la Sh1,000 lilifanya kazi ya wakili. Andika kinacholiwa nyumbani kama unavyoandika kinachouzwa, kwa kuwa vyote vimetoka kwenye shamba moja.

Pili, kama unafufua mibuni, usirudie mbegu ya babu kwa sababu tu ni ya babu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) iliyoko Lyamungo ilitoa tangu mwaka 2005 aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimaliza fedha ya mkulima kwa dawa. Ulizia miche kwenye chama chako cha msingi au kwa ofisa ugani, na hakikisha inatoka kwenye kitalu kinachotambulika.

Tatu, usipande kahawa kwa kuangalia bei ya leo. Mbuni huchukua takriban miaka miwili hadi mitatu kuanza kukulipa, na bei iliyopanda mwaka 2025 inaweza kushuka kama ilivyoshuka 1989 na 2001. Ndiyo maana kihamba kina migomba, ng'ombe na magimbi. Kimoja kikianguka, kingine kinakushika mkono. Kumbuka pia kwamba kilo moja ya kahawa iliyokaushwa inahitaji takriban kilo tano za matunda mabivu, kwa hiyo ukichanganya mabichi na mabivu unajipunja mwenyewe.

Nne, kwa mfanyabiashara mdogo: wageni wa Desemba ni wa aina mbili, wa nyumbani na wa nje, na wote hufika na fedha bila vitu. Mama mmoja pale Mtoni alituuzia mtori wa asubuhi, ambao shangazi angeupika bure. Hakuna aliyelalamika bei. Tulichotafuta ni ladha ya nyumbani bila kumtesa mtu wa nyumbani.

Tano, malizeni suala la ardhi mwenye shamba akiwa hai. Aliyebaki kijijini akilima ardhi isiyo na jina lake hawezi kupanda mti wa miaka 30, wala hana dhamana ya kukopea. Ataendelea kupanda mchicha. Ukiona kihamba chenu kinachoka, angalia kwanza hati, kisha uangalie mbolea.

Siku ya kuondoka, shangazi alitoa mkungu wa mshare kama ilivyo desturi, wa kupeleka Dar. Mke wangu akauliza bei. Shangazi alicheka, akakataa, akasema mtoto hauziwi ndizi za kwao. Wakabishana pale uani hadi dereva wa Noah akapiga honi.

Mwishowe alipokea. Nilimwona dirishani akichomoa daftari mfukoni mwa kanzu ya kazi na kuandika, upande ule wa pili wa ukurasa.